Terrestris: si kila cha ardhi ni cha udongo

Dhana: terra, yaani ardhi kwa Kilatini, shina la kivumishi terrestris, linatokana na terere, kusaga au kukanyaga.
Ukweli: Maelezo haya ni ya kale, Varro, mwanazuoni wa Roma, aliyaandika karne ya 1 kabla ya Kristo, na bado yanarudiwa. Sauti zenyewe zinaelekeza kwingine. Katika Kilatini cha awali, rs ikawa rr: tersa ikawa terra, kama torrere, kukausha kwa moto, ilivyotokana na mzizi huohuo wa ukavu. Kwa hiyo terra ni ile iliyo kavu, kinyume cha bahari. Terrere, kutisha, ingawa inafanana nayo, haina undugu nayo.

Dhana: terrestris ni "-a udongo".
Ukweli: Chungu cha udongo ni terreus. Terrestris hutaja makao: cha nchi kavu, si cha majini wala cha mbinguni. Kinachochanganya ni terrenus, kwa kuwa hubeba maana zote mbili. Sura moja ya Biblia ya Kilatini ina terrestris na terrenus pia: katika 1 Wakorintho 15:40 miili ya duniani ni corpora terrestria, katika aya ya 47 mtu wa kwanza, wa udongo, ni terrenus.

Dhana: mbigiri uliitwa Tribulus terrestris kwa sababu hutambaa.
Ukweli: Kutambaa unatambaa, lakini jina halisemi hivyo. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa kale, alikwisha kutaja tribolos (jina la Kigiriki lililozaa tribulus) aina mbili, wa nchi kavu na wa majini, na terrestris huutenga huu wa kwanza. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliutumia Tribulus terrestris kama jina la kisayansi mwaka 1753. Usichukulie kwamba kila terrestris ina sababu hiyohiyo: nyuki mnene Bombus terrestris anaruka kama wenzake, ila hujenga kiota chini ya ardhi, mara nyingi katika shimo la panya.

Dhana: mwisho wa -is haubadiliki.
Ukweli: Tazama kwanza jinsia ya nomino, usikisie kwa herufi ya mwisho. Ya kiume na ya kike huchukua terrestris; isiyo na jinsia huchukua terrestre, na wingi wake ni terrestria. Campestris, cha uwandani, hufuata njia hiyohiyo, ndiyo maana mti wa Ulaya huitwa Acer campestre: acer haina jinsia, ingawa -er yake huwafanya wengi waidhanie ya kiume.