Kusafisha picha nyeusi na nyeupe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Mwanza mtu husema amepeleka filamu "kusafishwa", na neno hilo limezaa dhana kwamba picha hutolewa na dawa yenyewe, kama sabuni inavyotoa doa, huku fundi akisubiri tu. Ukweli ni kwamba dawa hudhihirisha kile ambacho mwanga umekwisha kukiandika kwenye chembe za fedha zilizomo katika karatasi, na mwanga huo hupimwa na fundi, sekunde kwa sekunde, chini ya mashine ya kukuzia, inayopitisha mwanga kwenye filamu hadi juu ya karatasi. Chukua negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa ambayo weusi na weupe wake vimegeuzwa, ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, iliyopigwa saa saba mchana: sekunde 12 zinaweza kutosha kuonyesha nyufa za mwamba, lakini anga juu ya ziwa likabaki jeupe kama shuka, ingawa mawingu yamo kwenye negativu. Hapo fundi hulifunika jiwe kwa kipande cha kadibodi, akikitikisa bila kupumzika ili ukingo wake usiache mstari, na kuliongezea anga sekunde nyingine 10 au zaidi.

Wengi huamini pia kwamba chumba lazima kiwe na giza totoro wakati wote. Giza hilo ni la filamu, ambayo kwa kawaida huhisi rangi zote. Karatasi nyingi za picha nyeusi na nyeupe hazihisi mwanga mwekundu, na ndiyo maana fundi huwasha taa nyekundu akaiona picha ikiibuka ndani ya trei, jambo ambalo mimi sijalizoea hadi leo. Hata hivyo taa hiyo ijaribiwe: weka sarafu juu ya karatasi mpya kwa dakika tano, kisha uitie karatasi dawa, duara jeupe likionekana palipokuwa na sarafu, taa hiyo haifai.

Joto letu nalo husifiwa kwamba huharakisha kazi. Dawa nyingi hupimiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Ikizidi hapo picha hutokea haraka mno, fundi huitoa mapema, na weusi wake huishia kuwa kijivu. Trei ikae ndani ya karai la maji baridi.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba picha ikishapita kwenye fiksa, dawa inayoondoa fedha ambayo haikuguswa na mwanga, imekamilika. Fiksa hutokana na chumvi ambayo John Herschel alionyesha mwaka 1819 kwamba huyeyusha misombo ya fedha, na mabaki yake yakiachwa ndani ya karatasi huishambulia picha yenyewe, ikageuka manjano. Picha ya harusi ya wazazi wangu, iliyosafishwa katika studio moja ya mjini, imemfifisha mama kuanzia shavuni. Karatasi yenye plastiki hutosheka na dakika chache za maji yanayotiririka. Ile isiyo na plastiki huweza kuhitaji saa nzima. Nasi tunaoishi milimani, ambako bomba hukauka, tunaweza kuiosha vizuri kwa ndoo: picha hulowekwa dakika tano, maji yote yakamwagwa na mengine kutiwa, mara kumi au zaidi, kwa kuwa fiksa huendelea kutoka ndani ya karatasi hata maji yakiwa yametulia.