Tikiti likioza tumbo, weka bomba chini

Masika yakikolea, swali la wakulima wa Kisauni na Likoni huwa lile lile: tikiti juu zuri, ukiligeuza limeoza, nipulize dawa gani? Jibu langu huwaudhi. Weka bomba la dawa chini kwanza, tuangalie mchanga.

Ukikuta nyuzi nyeupe zimetoka ardhini zikapanda ganda, na ndani yake vipunje vya mviringo vya ukubwa wa haradali, vyeupe kisha hudhurungi, hiyo ni kuvu iitwayo Sclerotium rolfsii. Una shaka? Kata kipande, kifungie kwenye mkebe wenye karatasi yenye unyevu. Baada ya siku chache nyuzi zitajaa, na vipunje vitafuata. Doa kavu kwenye ncha ya tunda lilipokuwa ua, lisilo na nyuzi, mara nyingi ni upungufu wa kalisi (kalsiamu) na umwagiliaji wa kubahatisha.

Jina hilo linatokana na Peter Henry Rolfs, aliyeiona kwenye nyanya huko Florida mwaka 1892. Kuvu hii hushambulia mimea ya aina zaidi ya 500 na hustawi kwenye nyuzi joto 25 hadi 35, yaani hapa Mombasa iko kwao. Hutoa asidi ya oksaliki inayolegeza ganda, ndipo nyama inageuka maji.

Dawa ya kupuliza majani haifiki ilipo kuvu. Vipunje hukaa miaka kwenye udongo wa juu, na husafiri kwa jembe, buti, miche na maji ya mvua. Kwa hiyo inua tunda: tofali au kigae chini yake kinatosha. Makuti nayakubali yakiwa makavu tu. Yakilowa na kuanza kuoza, umeipikia chakula. Samadi mbichi ni vivyo hivyo.

Pale palipooza, msimu ujao panda mahindi au mtama. Watu hupenda kuingiza kunde, karanga au pilipili, na zote hizo inazila. Lima kwa kina, sentimita 20 au zaidi, vipunje vizikwe visipate hewa, kisha usivifukue mwaka unaofuata. Mwenye kishamba kidogo alitumie jua la kaskazi: lowesha udongo, funika kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6, kingo zikizikwa vizuri.

Na matikiti yaliyooza msiyatupe mtaroni. Maji ya mtaro yanaishia kwa jirani.