Manowari za kushusha majeshi: yanayosemwa na yalivyo

Tuanze na jina, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Siku hizi watu wengi wakisema "manowari" humaanisha nyambizi. Kwa Kiswahili cha pwani manowari ni meli yoyote ya kivita, na nyambizi ni aina moja tu kati ya nyingi. Manowari inayozungumziwa hapa ina sitaha ya juu tambarare kama uwanja wa ndege, chini yake banda la helikopta, chini zaidi kumbi za magari, na tezini, yaani nyuma ya meli, mlango mkubwa unaofunguka kuingiza bahari kwenye bwawa la vyombo vya kushushia. Mfano tutakaourudia ni meli za aina ya Wasp za Marekani. Ya kwanza iliingia kazini mwaka 1989: urefu mita 257, tani kama 41,000 ikiwa imejaa, mabaharia wapatao elfu moja, na askari wa marini zaidi ya 1,600.

"Ni manowari ya kubeba ndege, ila ndogo"

Ukiitazama picha iliyopigwa kutoka juu, utaona kwa nini watu husema hivyo. Lakini sitaha hiyo haina manati ya kurushia ndege wala nyaya za kuzinasa zinapotua. Ndege ya F-35B hukimbia kwanza sitahani ndipo ipae na mafuta na mabomu yake, kisha hurudi ikiwa nyepesi na kutua wima. Wengi hudhani hupaa wima pia. Inaweza, lakini ikiwa karibu tupu, na ndege tupu haina kazi vitani. Mwezi Aprili 2022 USS Tripoli, meli ya Marekani isiyo ya aina ya Wasp bali ya aina ya America, ilipakia F-35B 20 kwa majaribio. Hata hivyo, meli ya namna hii haiwezi kurusha ndege nzito za rada zinazotegemea manati, kwa hiyo jicho lake la mbali ni la kuazima.

Tripoli na mwenzake America zilijengwa bila bwawa la tezini ili ndege zipate nafasi zaidi. Meli ya tatu ya aina hiyo, Bougainville, ikarudishiwa bwawa. Hesabu yenyewe ni fupi: kifaru cha Abrams kina zaidi ya tani 60, na helikopta kubwa ya CH-53E huning'iniza tani kama 16. Mzigo mzito hufika ufukweni kwa kupita juu ya maji, basi.

"Meli yenyewe husogea hadi mchangani"

Zilikuwepo meli za hivyo, na bado zipo: zile za Vita Kuu ya Pili zilizopanda ufuko na kufungua omo, yaani sehemu ya mbele, kama mdomo. Meli ya mita 257 haifanyi hivyo. Hukaa mbali, mara nyingi maili 25 za baharini au zaidi, nje ya upeo wa macho wa aliye ufukweni. Kazi ya kuziba pengo hilo huachiwa vyombo vidogo, na hapo ndipo mpango mzima hukwama au hufaulu.

Piga hesabu ya maili 25. Chombo cha mto wa hewa, LCAC, huenda noti 40, yaani maili 40 za baharini kwa saa, na hubeba tani 60, yaani kifaru kimoja. Kitafika kwa dakika 38 hivi. Tishari la LCU huenda noti 11, hubeba tani 125, na litachukua saa mbili na robo. Deraya la kuelea la AAV, yaani gari la chuma la kubeba askari, lenye tani kama 26, huogelea kwa noti 6 au 7, na askari wangekaa humo ndani saa nne wakivuta moshi na kutapika. Ndiyo maana maderaya ya namna hiyo hayashuliwi kutoka mbali kiasi hicho. Meli hulazimika kusogea hadi maili chache, na kuingia kwenye shabaha ya makombora ya pwani. Marekani ilijaribu kuunda deraya la kasi la kuziba pengo hilo, ikaliacha mwaka 2011 kwa sababu ya gharama. Julai 2020 AAV moja ilizama karibu na kisiwa cha San Clemente, California, watu tisa wakafa. Maji yaliingia kidogo kidogo, amri ya kutoka ikachelewa, na uchunguzi ukakuta chombo kilikuwa kibovu na mafunzo ya kujiokoa hayakukamilika.

"Kufungua mlango wa tezi ni kuikaribisha bahari iizamishe"

Bwawa la tezini la Wasp lina urefu wa mita 81 na upana wa mita 15. Linatosha LCAC tatu, au matishari mawili ya LCU. Ili tishari lielee ndani yake, meli hujizamisha tezi kwa makusudi: maji huingizwa kwenye matangi ya farumi, yaani uzito wa kuishusha meli, zaidi ya tani 15,000 yakijaa yote, hadi sakafu ya bwawa ishuke chini ya usawa wa bahari. Matangi hayo yametengwa na sehemu nyingine za meli, na kuta za bwawa ni imara kama ubavu wa nje. Kazi ikiisha, maji hutolewa na tezi hupanda. Si jambo la dakika mbili. Nahodha anayehitaji kukimbia ghafla huku farumi ikiwa imejaa ana meli nzito iliyoinama nyuma.

Hatari halisi ni nyingine. Maji yaliyomo bwawani huanza kuyumba. Bahari ikija kutoka nyuma, kila wimbi huingia, hugonga ukuta wa mbele na kurudi, na tishari la tani mia kadhaa huinuliwa na kubamizwa ubavuni. Kwa hiyo kuta huvikwa mbao nene zinazobadilishwa zikivunjika, na meli huelekeza omo kwenye mawimbi na kwenda polepole ili tezi ipate kivuli cha maji tulivu. Nahodha wa tishari hulenga katikati, wafanyakazi walio juu ya kuta hupokea kamba, na anayetoa ishara ana haki ya kumrudisha nje dakika ya mwisho. Kurudi nje si aibu; aibu ni kung'ang'ania.

LCAC haihitaji farumi nyingi kwa sababu hupanda yenyewe juu ya sakafu iliyo karibu kavu. Lakini injini zake nne za tabo hutoa joto, rasharasha ya chumvi na kelele ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama karibu nazo bila kinga. Mafeni ya kuvuta moshi yakiharibika, shughuli husimama.

"Vyombo vya mto wa hewa vimemaliza habari ya mwamba na maji kupwa"

Vimeipunguza. Husemwa kwamba tishari la kawaida linaweza kufika asilimia 17 ya fukwe za dunia, na LCAC asilimia 70. Asilimia 30 iliyobaki ina majabali, mikoko na miinuko mikali. Sketi ya mpira inayofungia hewa huchanika kwenye mawe, chombo hakina ngao ya chuma ya maana, na upepo mkali wa ubavuni humsumbua rubani wake zaidi ya kitu kingine.

Mizigo mizito na mingi bado huenda kwa tishari, na tishari bado ni mtumwa wa maji. Tarehe 20 Novemba 1943, kwenye kisiwa cha Betio huko Tarawa, mashua za Wamarekani zilihitaji maji ya mita 1.2 hivi juu ya mwamba. Yalikuwa maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, tena mwezi ukiwa mbali na dunia, na kina kilikuwa pungufu ya mita moja. Mashua zikakwama kwenye ukingo wa mwamba, na askari wakatembea mamia ya mita ndani ya maji mbele ya bunduki za rashasha. Maderaya ya minyororo peke yake ndiyo yaliyovuka. Wamarekani wapatao elfu moja walikufa kwa siku tatu. Mvuvi yeyote wa Lamu au Kilwa angeuliza swali lile lile la kwanza: leo ni bamvua au maji mafu?

Hatua za kupandisha tishari hazijabadilika sana tangu hapo. Kwanza wapimaji hukagua kina, mafungu ya mchanga na mteremko wa ufuko. Fungu lililo mita hamsini kabla ya ufuko ni mtego: tishari hugusa hapo, mlango hushushwa, na gari la kwanza hutumbukia kwenye maji marefu yaliyo kati ya fungu na nchi kavu. Kisha huchaguliwa saa ambayo maji yanajaa, ili tishari likigusa liinuliwe na maji yanayokuja badala ya kupwelewa. Kabla ya kugusa, nanga ya tezini huangushwa nyuma. Kamba yake ina kazi mbili: kuishika tezi isizungushwe na mawimbi, na kulivuta tishari lirudi baharini likiwa tupu. Ikiangushwa karibu mno na ufuko, haishiki. Ikikatika, wimbi hulilaza tishari ubavu na kulijaza mchanga, na njia nzima ya ufuko huo imezibwa kwa wanaokuja nyuma.

"Kupakia ni kazi ya makuli, vita ni vita"

Dhana hii ndiyo inayotugharimu subira. Meli ya biashara hupakiwa ili nafasi isipotee hata kidogo. Manowari ya kushusha hupakiwa kinyume cha mpangilio wa kutoka: kitakachotangulia kushuka huingia mwisho. Kila gari hufungwa kwa minyororo, huelekezwa upande wa kutokea na huwa na dereva anayejulikana. Mafuta hutengwa na risasi. Mizinga haitenganishwi na makombora yake. Nafasi hupotea nyingi, na hupotezwa kwa makusudi. Gari moja likiharibika katikati ya mteremko wa ndani, yote yaliyo nyuma yake yamefungiwa.

Machi 1915 meli za Waingereza zilizokuwa zikielekea Gallipoli, Uturuki, zilikuwa zimepakiwa ovyo, vikosi huku na zana zao kule. Ikabidi zirudishwe Aleksandria kupangwa upya. Walishuka tarehe 25 Aprili, na Waturuki walikuwa wameitumia nafasi hiyo kuchimba mahandaki.

"Mwenye watu wengi hushinda ufukoni"

Tanga inajibu. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India, dhidi ya askari wa Wajerumani wapatao elfu moja chini ya von Lettow-Vorbeck. Tarehe 2 meli HMS Fox iliingia kwanza kutoa taarifa kwamba makubaliano ya kutopigana yamevunjwa, ikauliza pia kama bandari ina mabomu ya majini. Haikuwa nayo, lakini kwa hofu hiyo askari walishushwa Ras Kasone, wakiwa wamechoka kwa wiki kadhaa za bahari. Saa zilizopotea zilitosha reli kuleta makampuni ya askari kutoka Moshi. Shambulio la tarehe 4 likavunjika, nyuki wakiwa wameongeza fujo, na kesho yake waliobaki wakapanda meli wakiacha ufukoni bunduki za rashasha na risasi laki sita. Kasi ya kushusha dhidi ya kasi ya adui kuleta nguvu: hilo ndilo shindano.

"Isiposhusha watu mchangani, haikufanya kazi"

Januari 1964, baada ya askari wa Tanganyika kuasi na Nyerere kuomba msaada, komando wa Uingereza waliotoka Aden kwa HMS Centaur waliruka kwa helikopta alfajiri ya tarehe 25 moja kwa moja hadi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Centaur ilikuwa manowari ya kawaida ya ndege iliyopewa kazi hiyo kwa haraka. Januari 1991 helikopta mbili za CH-53E ziliondoka USS Trenton ikiwa maili 466 kutoka Mogadishu, zikajazwa mafuta angani mara mbili usiku, zikatua kwenye ubalozi wa Marekani. Watu 281 wa mataifa 30 waliokolewa, balozi wa Urusi ya Kisovieti akiwemo.

Mwezi uliofuata, katika Vita vya Ghuba, marini wapatao 17,000 walielea mbele ya Kuwait bila kushushwa ufukoni kwa shambulio kubwa, huku divisheni kadhaa za Iraki zikikaa pwani kuwasubiri. Mabomu ya majini ndiyo yaliyofanya bahari ile iogopwe. Tarehe 18 Februari USS Tripoli, mtangulizi wa ile ya leo, iligonga moja likatoboa tundu la mita kama 5 kwa 6 chini ya maji. Wakati huo ilikuwa kituo cha helikopta za kufagia mabomu hayo hayo.

"Ina silaha za kutosha kujilinda"

Ina makombora ya masafa mafupi na bunduki za kutungua kombora lililokwisha kukaribia. Bila manowari za kusindikiza zenye rada na makombora ya mbali, haipelekwi karibu na pwani yenye adui.

"Ikifunga gatini, iko salama"

Tarehe 12 Julai 2020 USS Bonhomme Richard, ya aina ya Wasp, ilikuwa San Diego ikifanyiwa matengenezo. Moto ulianza kwenye ukumbi wa chini wa magari, uliokuwa umegeuzwa stoo ya vifaa. Ukumbi huo umejengwa wazi ili magari yapite, na umeunganishwa kwa miteremko na sakafu za juu, hivyo moshi na joto vilipanda kwa njia ile ile ya magari. Milango ya kuzuia moto ilishindwa kufungwa kwa sababu nyaya na mabomba ya mafundi yalikuwa yamepitishwa ndani yake. Vituo vya kuzimia moto asilimia 87 vilikuwa nje ya kazi. Mfumo wa povu ulikuwa na kitufe, na hakuna aliyekibonyeza kwa wakati. Meli iliwaka zaidi ya siku nne, na mwaka 2021 ikavutwa hadi Texas kukatwa vyuma chakavu.