Msimpumzishe sana bibi

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na karibu kila wiki naletewa mzee kwa bajaji, na maelezo ya wanaomleta hayatofautiani sana. Bibi alikuwa Ukerewe, analima mihogo, anachota maji ziwani, anapanda na kushuka. Mwanawe akamhurumia, akamleta huku mjini Mwanza apumzike. Akapewa chumba chake, televisheni, na binti wa kazi anayemvalisha hata kandambili. Baada ya miezi sita hanyanyuki kwenye kochi mpaka ashikwe mkono. "Mayu (mama) kazeeka ghafla," wananiambia.

Uzee hauji kwa miezi sita, lakini paja linaweza kwisha kwa siku chache tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 11 wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Kila mmoja alipoteza, kwa wastani, karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Ukitaka kujua hiyo ni nyama kiasi gani, pita buchani Kirumba ukaombe upimiwe kilo.

Hali hii sisi wa fiziotherapia tunaiita udhaifu wa uzeeni, na ina vipimo vyake. Mtafiti Linda Fried na wenzake mwaka 2001 walitaja dalili tano: kukonda bila kukusudia, kuchokachoka, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi ni dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani, na huyo ndiye ningependa aletwe mapema. Ila huyo haletwi, kwa sababu bado anatembea.

Nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi nilikuwa mwoga. Mzee wa miaka 80 nilimkanda, nikamnyoosha viungo, nikamwambia ainue mikono tuhesabu hadi kumi. Wazee walifurahi, waliniombea dua, na nguvu hawakupata hata kidogo.

Kilichonitoa woga ni utafiti wa zamani kabisa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwanyanyulisha uzito wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Na haukuwa uzito wa kudekeza: walipandishwa mpaka asilimia 80 ya mzigo mkubwa kabisa ambao mguu ungeweza kuuinua mara moja. Kwa lugha ya kibandani kwangu, ni mzigo ambao mara ya nane unakunja uso na ya tisa unagoma. Tisa walimaliza wiki 8, na nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walivyoanza. Walipoacha kwa wiki 4, karibu theluthi ya nguvu ikapotea. Timu hiyo ikarudia mwaka 1994 kwa wazee 100, safari hii na kinywaji cha lishe pembeni. Kinywaji peke yake hakikusaidia udhaifu. Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaomletea mzee makopo ya maziwa ya unga kutoka dukani wakidhani kazi imeisha. Dagaa na maharage mpeni, tena kwa wingi, lakini paja lifanyishwe kazi.

Mashine za Boston sina. Nina miguu ya suruali za jinzi kuukuu. Fundi cherehani ananishonea ncha moja, najaza mchanga, nafunga kwa kamba juu ya kifundo cha mguu. Mizani niliazima kwa mama muuza dagaa, nikaandika kilo kwa kalamu ya wino mzito: nusu, 1, 2, 3. Kingine ni kiti. Msiniletee cha plastiki. Kimoja kiliteleza kwenye vigae vyenye maji nikiwa nimemsimamisha babu mmoja, nikamdaka kwa bahati tu. Nataka cha mbao, mgongo wake ukutani, na blanketi iliyokunjwa juu yake ili aanze akiwa ameketi juu kidogo. Akisimama mara kumi bila kujishika, naitoa kunjo moja. Kadiri kiti kinavyoshuka, mzigo unaongezeka wenyewe. Kwanza lakini napima presha, na mwenye maumivu ya kifua namrudisha kwa daktari.

Nisiwauzie miujiza. Utafiti mkubwa wa LIFE, Marekani, ulifuatilia watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 kwa takriban miaka miwili na nusu. Waliofanya mazoezi, asilimia 30.1 walifikia kushindwa kutembea mita 400. Waliopewa mafunzo ya afya tu walikuwa asilimia 35.5. Tofauti ni watu watano hivi katika kila mia. Mimi watano nawachukua, maana nawajua nyuso zao na nazijua ngazi za mawe za Mabatini wanazotakiwa kupanda.

Bibi wa Ukerewe yuko wiki ya tano sasa. Juzi nilimfunga mfuko wa kilo 2. Akauinua mara kumi na mbili, akanitazama, akauliza: "Mjukuu wangu, huu mchanga umeupunguza?"