Kesi ya mbalamwezi: Lincoln hakuwa kijana

Aliyeitazama "Young Mr. Lincoln", filamu ya John Ford ya mwaka 1939, hasahau ile kesi. Wakili mchanga Abraham Lincoln, rais wa baadaye wa Marekani, akiigizwa na Henry Fonda mwenye miguu mirefu, anatoa almanaka (kitabu cha kalenda chenye saa za mwezi kuchomoza na kutua) mahakamani, anamuumbua shahidi aliyedai kuona mauaji kwa mwanga wa mwezi, kisha anamgeuzia kibao: muuaji ni wewe! Inanoga, na wengi huondoka wakiamini ndivyo kesi hiyo ilivyokuwa.

Kesi ipo, ila ni ya Mei 1858, mjini Beardstown, Illinois. Lincoln alikuwa na miaka 49, wakili mzoefu aliyekwisha kukaa bungeni Washington. Mshtakiwa, Duff Armstrong, alikuwa mtoto wa rafiki yake wa zamani, Jack, waliyepigana naye mieleka kijijini New Salem. Jack alikuwa ameshafariki. Mjane wake Hannah ndiye aliyeomba msaada, na Lincoln hakumtoza hata senti.

Shahidi Charles Allen alisema aliona tukio mnamo saa tano usiku, mwezi ukiwa juu. Almanaka ilionyesha kwamba saa hizo mwezi ulikuwa chini kabisa, unakaribia kutua. Si kwamba haukuwepo, kama wengine wanavyosimulia. Armstrong aliachiwa huru, na Allen naye akaenda zake, maana hakuna aliyemtaja kuwa muuaji. Hilo walilitunga Hollywood. Hata wale ndugu wawili wanaosimama kizimbani kwenye filamu ni wa kubuni.