Tabasamu la dakika 90: yanayomkuta mwalimu wa Kiingereza katika vyuo vikuu vya Japani

Katika kituo chetu cha ushauri kwa wahadhiri huja watu wanaojiandaa kwenda kufundisha Kiingereza ng'ambo. Huuliza habari za viza, mshahara, nyumba na bima. Hayo ni ya lazima, na tunawajibu. Ila swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: kazi yenyewe itanidai nini moyoni? Nitalijibu kwa kuitolea mfano Japani, kwa kuwa huko nilifundisha miaka minne.

Nianze na ukimya. Mwalimu aliyekulia kwetu amezoea darasa linaloitika. Ukiuliza "Tuko pamoja?" unapokewa na "Tuko pamoja!", hata na yule aliyekuwa akisinzia nyuma. Siku yangu ya kwanza kule ilikuwa Aprili, mwezi ambao mwaka wao wa masomo huanza. Niliuliza swali jepesi kuliko yote: nani kaja leo kwa treni? Wanafunzi 32 walikuwa mbele yangu, na karibu wote walikuwa wameshuka kwenye kituo kimoja nami. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wengi waliinamisha macho. Binti mmoja alifungua kifuniko cha kalamu, akakifunga, akakifungua tena. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nikajijibu mwenyewe, nikacheka peke yangu, nikaendelea na somo, na wiki nzima nilikuwa na hakika kwamba wamenidharau.

Hawakunidharau. Mtafiti Jim King alikaa saa 48 ndani ya madarasa ya Kiingereza ya vyuo vikuu 9 vya Japani, akirekodi nani anasema na nani ananyamaza. Mazungumzo yaliyoanzishwa na wanafunzi wenyewe hayakufika hata asilimia 1 ya muda wa somo. Na ukikaa nao unaona sababu. Kijana wa miaka 18 amesoma Kiingereza shuleni kwa miaka mingi akilenga mtihani wa kuingia chuo, ambao kwa sehemu kubwa hupima kusoma na kujua sarufi. Kusema hajazoeshwa. Kukosea mbele ya wenzake ni aibu, na kujitokeza peke yake kunaweza kuonekana ni kujikweza. Pengine usiku alikuwa zamu dukani hadi saa sita. Mwalimu anayeyafahamu haya bado atatoka jasho, lakini hatalala akijilaumu.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliwachunguza wahudumu wa ndege, akaonyesha kuwa tabasamu lao nalo ni sehemu ya kazi wanayolipwa kuifanya. Aliipa jina ambalo kwa Kiswahili naliita kazi ya hisia. Alitofautisha kuigiza kwa uso, pale unapocheka huku moyo uko kwingine, na kuigiza kwa ndani, pale unapojilazimisha uhisi kweli kile unachotakiwa kukionyesha. Sisi jambo hili tunaliita kujikaza, na tunamsifu anayeliweza. Kumsifu si vibaya, lakini tukiishia hapo tunasahau kwamba kujikaza kunachosha kama kubeba magunia.

Mwalimu wa Kiingereza hubebeshwa zaidi ya wenzake. Mhadhiri wa hisabati akiingia amenuna, hesabu zitaendelea. Somo la mazungumzo halina pa kuanzia mpaka mwalimu alichangamshe, tena kwa dakika 90, mara mbili au tatu kwa siku, na muhula ukiisha wanafunzi wanajaza fomu ya kumtathmini. Mwafrika anaongezewa lake. Huulizwa, mara nyingi kwa upole kabisa, Kiingereza chake amejifunzia wapi. Korea Kusini jambo hili limeandikwa kabisa: viza ya walimu wa lugha, E-2, kwa wanaofundisha Kiingereza imewekwa kwa raia wa nchi 7, na ya Afrika ni moja tu, Afrika Kusini. Japani haina orodha kama hiyo kwa vyuo vikuu, lakini swali lenyewe utakutana nalo, na utalijibu ukitabasamu.

Mwaka wangu wa pili, mwezi Mei, simu iliita saa kumi alfajiri. Nyumbani ilikuwa saa nne usiku. Mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, alikuwa amefariki. Kwa kawaida yetu angezikwa kesho yake alasiri, kwa hiyo hata kama ningepata ndege nisingewahi. Saa tatu asubuhi nilikuwa mbele ya darasa. Kipindi kilianza kama vinavyoanza vyote, kwa kusalimiana wawiliwawili: hujambo, habari za wikendi. Mwanafunzi aliyebaki bila mwenzake akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza alichokiandaa kwa uangalifu mkubwa kama mwisho wa wiki yangu ulikuwa mzuri. Nikamwambia ulikuwa mzuri sana, asante. Nyumbani muda huo mikeka ilikuwa inatandikwa.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikuahirisha. Nilikuwa mhadhiri wa vipindi. Jumatatu na Jumanne chuo hiki, Jumatano kile, Ijumaa cha tatu, na popote sina ofisi ila meza ya pamoja na kabati la kufuli. Muhula una wiki 15, na kipindi kilichofutwa hufidiwa siku nyingine, mara nyingi Jumamosi. Mkataba nao ni wa mwaka mmoja mmoja. Sheria ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 2013 inamruhusu mfanyakazi wa mikataba inayofuatana kuomba ajira isiyo na kikomo akipita miaka 5. Kwa walimu na watafiti wa vyuo vikuu muda huo unaweza kuwa miaka 10, na vyuo vingi huikatiza mikataba kabla ya kufika hapo. Ukiishi hivyo, unaona hata msiba ni jambo la kutomsumbua nalo mtu. Leo naamini nilikosea, lakini naelewa nilikosea kwa sababu gani.

Kwa hiyo ninaowahudumia nawaambia hivi. Kabla ya kusaini, uliza nani anakushikia darasa ukifiwa au ukiugua, na upate jibu kwa maandishi. Uliza kama utakuwa na mwenzako wa kufundisha naye kozi moja, maana anayefundisha na mwenzake ana pa kusemea. Ukifika, usingoje kuelemewa ndipo utafute wa kukusikiliza. Tokyo kuna TELL, shirika linalosikiliza watu kwa simu kwa Kiingereza tangu mwaka 1973. Na wanafunzi wako nao wanaelemewa. Wajapani wana msemo wa "ugonjwa wa mwezi wa tano": baada ya mapumziko ya mwanzoni mwa Mei, wanafunzi wapya huanza kunyong'onyea na viti vinabaki vitupu. Utaviona viti hivyo. Jua mapema chumba cha ushauri nasaha cha chuo kiko jengo gani, ili umsindikize kijana huko badala ya kumbeba peke yako.

Kuhusu kuigiza, wapo wanaosema mwalimu mzuri huacha mambo yake mlangoni. Mimi siamini hivyo tena. Wiki iliyofuata niliwaambia wanafunzi wangu, kwa sentensi tatu rahisi, kwamba wiki iliyopita nilifiwa na aliyenilea, na kwamba nilisema wikendi yangu ilikuwa nzuri kwa kuwa sikujua la kusema. Hakuna aliyefungua mdomo. Nikafundisha. Mwisho wa kipindi, kama kawaida, wakaacha mezani vikaratasi vyao vya maoni, vile ambavyo kwa kawaida huandikwa "somo lilikuwa la kufurahisha". Nilivisoma ndani ya treni. Binti wa kalamu alikuwa ameandika mistari minne kwa Kiingereza, na kosa moja tu la sarufi: bibi yake alifariki Februari ya mwaka uliotangulia, wiki ya mtihani wa kuingia chuo, na mimi ni mtu wa kwanza anayemwambia.