Begi Mgongoni Katikati ya Tamasha la Mitaani: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Msafiri anayeingia na begi lake mgongoni katika mji wa pwani siku ya tamasha la mitaani hupewa tahadhari moja kabla ya nyingine zote: ajihadhari na wezi. Tahadhari hiyo ni ya haki, kwa kuwa wachomoaji hupenda penye msongamano, lakini imewafanya wengi waamini kwamba hatari iko mikononi mwa watu wabaya, ilhali iliyo kubwa zaidi hutokana na watu wema waliobanana mahali padogo.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni ile isemayo kwamba watu hufa katika mikusanyiko kwa sababu walitaharuki, wakakimbia na kukanyagana. Hata lugha yetu imechangia, maana karibu kila ajali ya namna hii tunaiita mkanyagano. Ukweli ni kwamba wengi hufariki kwa kukosa pumzi, wengine wakiwa bado wamesimama wima, kwa sababu kifua kimebanwa mbele na nyuma hadi mapafu hayawezi kutanuka. Ndivyo ilivyokuwa Duisburg, Ujerumani, Julai 2010, watu 21 walipofariki katika tamasha la Love Parade. Na ndivyo ilivyokuwa Itaewon, jijini Seoul, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, ambapo zaidi ya watu 150 walipoteza maisha katika uchochoro ambao sehemu yake nyembamba ina upana wa takriban mita 3. Kusema kwamba marehemu hao walikanyagana ni kuwatwisha lawama isiyo yao.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwenye nguvu atajipenyeza tu. Mhandisi Mmarekani John Fruin alieleza kwamba umati ukifikia watu 7 hivi katika kila mita ya mraba, huanza kwenda kama kimiminika: msukumo ulioanzia mbali hupita ndani yake kama wimbi, na unaweza kumnyanyua mtu na kumpeleka mita 3 au zaidi bila yeye kupiga hatua. Misuli haina kazi hapo. Ukihisi mabega yako yanaguswa pande zote mbili na unashindwa kugeuka kwa hiari yako, ondoka wakati ungali unaweza. Ukishanaswa, kunja mikono mbele ya kifua ili ujiachie nafasi ya kupumua, usishindane na wimbi, na kila linapotulia sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Kilichoanguka kiache chini, hata kama ni simu.

Hapo ndipo shauri la kuvaa begi kifuani linapohitaji kuangaliwa upya. Huwazuia wezi kweli, lakini begi kubwa hukuficha miguu yako mwenyewe, na watu wakibanana hukandamiza palepale panapotakiwa kutanuka. Likibaki mgongoni nalo huchukua nafasi ya mtu mwingine na kumgonga jirani kila unapogeuka. Mahali pake ni kwenye malazi au sehemu ya kuhifadhia mizigo. Mtaani nenda na kifuko chembamba cha kuvaa ndani ya nguo, chupa ya maji na nakala ya pasipoti.

Kuhusu bahari, watu huitegemea kwa mambo mawili isiyoyatoa. Upepo wake haufiki katikati ya umati uliozingirwa na majengo, na unyevunyevu wa pwani huzuia jasho kukauka, hivyo mwili huzidi kupata joto hata jua likiwa limetua. Vilevile, ufuo si mlango wa kutokea: kwa anayetafuta njia, bahari ni ukuta upande mmoja, kwa hiyo barabara zinazoelekea bara ndizo za kukariri mapema.

La mwisho ni simu. Wenzi wengi hutawanyika wakiamini watapigiana, kumbe minara ya eneo hilo huwa imezidiwa na maelfu ya watu wanaotumia mtandao kwa pamoja. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya pale mazungumzo yanaposhindikana. Pakua ramani kabla ya kutoka, na mkubaliane mahali pa kukutana palipo nje kabisa ya eneo la tamasha, pamoja na saa ambayo kila mmoja atakuwa amefika hapo hata kama hakusikia lolote kutoka kwa mwenzake.